Kabla ya kukodi bafle, pita kwanza Katuba

Konseti yangu ya kwanza pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi, huku kwetu Kongo, ilihudhuriwa na watu 31. Niliwahesabu mwenyewe, nimejibanza nyuma ya pazia tuliloazima kwa shangazi yake mpiga besi. Kati ya hao 31, 19 walikuwa wanakwaya wakingoja zamu yao ya kuimba. Ukiwatoa, tunabaki na wasikilizaji 12, na wawili walikuwa wamelala.

Wala hatukuwa wavivu. Tulikodi bafle nne, yaani spika kubwa, na mikisa ya kuchanganyia sauti, tukabandika matangazo kwenye milango ya fakultati zote, tukampata mshereheshaji mwenye suti na sauti nzito. Pesa yetu yote iliishia hapo. Tulipokuwa tunapakia vyombo kwenye pikapu, mlinzi wa getini akaniuliza mule ndani kulikuwa na nini. Nikamwambia konseti. Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Ee yaya, miye mwenyewe sikujua. Na niko hapa mulangoni tangu asubui."

Nimekuwa nikishiriki kuandaa muziki chuoni na mitaani tangu wakati huo, na kila mwaka wananifuata vijana wenye kosa lilelile: wanaanza na vyombo. Wananiuliza bei ya jenereta, wattsi ngapi, nani anakodisha maikrofoni zisizo na waya. Na mimi nawauliza: umeshakwenda mtaa wa Katuba? Umeshamsalimia paroko? Mama anayeuza mikate pale kituo cha teksi anajua kwamba Jumapili kuna muziki?

Kasapa, ilipo campus ya chuo chetu, iko pembeni ya mji. Chuo kilianzishwa mwaka 1955, enzi za Wabelgiji, kikamezwa na UNAZA, chuo kikuu cha taifa cha Zaire, mwaka 1971, na tangu 1981 kinaitwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Miaka yote hiyo mtu wa mitaa ya mji huu, wa Kenya (mtaa wetu, si nchi), wa Kamalondo au wa Ruashi, amezoea kuona kwamba kule ni kwa wenye vitabu. Haji kwa sababu umebandika karatasi kwenye mlango wa fakultati ambao hajawahi kuuona. Na wanafunzi wenyewe, wengi hawalali bwenini. Saa kumi na moja jioni wanagombea teksi-basi kurudi nyumbani. Ukipanga konseti ianze saa kumi na mbili, umewafukuza watu wako mwenyewe.

Kwa hiyo jambo la saa na siku lipewe uzito kuliko bafle. Jumapili saa tisa mchana ndiyo inayofaa, misa imekwisha, watu wamekula, nguo nzuri bado ziko mwilini. Jumamosi usijaribu: kuna harusi, kuna matanga, kuna mazoezi ya kwaya karibu kila parokia, na wanamuziki wako wataitwa huko kwenye pesa. Siku TP Mazembe wanacheza Kamalondo, kaa nyumbani na wewe ukasikilize mpira. Mwezi wa sita na wa saba, jua likishatua, baridi ya Lubumbashi itaufunga ukumbi kabla yako. Nilishawahi kumwona mpiga gitaa akipuliza vidole kati ya wimbo na wimbo kama mtu anayewasha mkaa. Na masika usiweke watu chini ya mabati. Mvua ya Januari ikianza juu ya bati, hata bafle nane hazikusaidii kitu.

Sasa nieleze la Katuba, maana ndilo lililonifundisha.

Mwaka uliofuata niliamua konseti iwe na karindula. Kwa wasioijua: karindula ni banjo kubwa mno, tumbo lake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, shingo yake ubao, nyuzi nne. Ukiisikia kwa mbali unadhani ni besi ya umeme yenye hasira. Ni muziki wa matanga na wa uwanja wa nyumba, watu wamezunguka, vumbi linapanda, mtu anatoka kwenye duara kumtuza mchezaji noti usoni. Wanafunzi wengi wa wakati wangu waliuonea aibu. Ulikuwa "muziki wa nyuma ya nyumba".

Nikaenda Katuba, kwa kundi la karindula, na barua yenye muhuri. Mzee wa kundi aliipokea, akaikunja mara nne, akaiweka mfukoni bila kuisoma, akaniambia niketi. Niliketi saa nzima. Alikuwa anaishughulikia ngozi ya pipa. Usiku uliotangulia mvua ilinyesha na ngozi ilikuwa imelegea, ukiigonga inatoa sauti ya mto wa kulalia. Alikoka moto mdogo wa majani makavu, akalizungusha pipa taratibu mbele yake, si karibu, si mbali, huku akigonga kwa kidole kimoja na kuinamisha sikio. Gonga, zungusha, gonga. Sauti ikaanza kupanda. Kuna mahali alisimama ghafla, akaligeuza pipa upande wa pili, kwa kuwa ngozi, alisema, hailegei sawasawa. Upande wa mgongo wa mbuzi ni mgumu. Ndipo akaniuliza tunataka nini.

Nikamweleza ratiba: kila kundi dakika kumi.

"Dakika kumi?" akawatazama wenzake. "Dakika kumi ni ya kusalimia, mwanangu."

Alikuwa na haki. Wimbo mmoja wa karindula una maigizo ndani yake, una ugomvi wa uongo, una wachezaji wanaoingia na kutoka, na una wakati wa kutuzwa ambao ndio mshahara wenyewe. Ukiukata kwa dakika kumi umewanyang'anya chakula. Tulikubaliana dakika 40, wao wafunge konseti, na wacheze nje, kwenye nyasi mbele ya ukumbi, wala si jukwaani. Lile la nje lilikuwa sharti lao, na lilinikera. Nilikuwa nimeshalipia jukwaa.

Siku yenyewe walikuja na mtaa. Sitii chumvi: walikuja na wake zao, watoto, majirani, na bibi mmoja aliyeletwa kwa baiskeli. Hakuna tangazo lililowaita. Na wanafunzi waliokuwa mabwenini, waliosikia lile pipa likinguruma, walishuka na malapa miguuni.

Ikiwa nawe utaipandisha karindula kwenye maikrofoni, usiisogeze karibu na ngozi. Iweke kama hatua moja mbali, uielekeze penye ngozi, si kwenye nyuzi, na hakikisha bafle ziko mbele ya maikrofoni zote, zinatazama watu. Fundi wetu aliweka bafle moja nyuma ya kundi "ili wajisikie" na ule mlio wa kukoroma uliotoka ulimfanya mtoto wa mzee aangushe njuga.

Kwaya ni habari nyingine. Mji huu umelelewa na kwaya. Joseph Kiwele, aliyefariki mwaka 1961, alikuwa mpiga kinanda na mtunzi wa hapa hapa, na misa yake yenye midundo ya Katanga iliimbwa mbali na Katanga. Usidhani basi kwamba kwaya ya parokia ni ya kujazia ratiba. Kwaya ya watu 40 inakuja na wazazi, wachumba na watoto wa watu 40. Lakini ina kamati, ina rais, ina katibu, ina mtunza hazina, na ukimwalika kiongozi wa nyimbo peke yake kwa simu umewakosea wote. Nenda siku ya mazoezi. Kaa mwisho, sikiliza mpaka wamalize, halafu omba ruhusa ya kusema. Peleka kreti mbili za Fanta. Na uwaambie waziwazi kama kuna nauli ya kurudi au hakuna. Nilishawahi kunyamaza kuhusu nauli nikitumaini itajitatua. Haikujitatua. Wanakwaya 26 walitembea usiku kutoka Kasapa, na kwaya ile ilinikataa miaka mitatu, kwa haki kabisa.

Jambo lingine la kwaya: haihitaji umeme. Umeme hapa unakatika, hilo si habari. Ila wengi hupanga ratiba kana kwamba hautakatika. Mimi naiweka kwaya baada tu ya bendi yenye magitaa ya umeme, kwa sababu bendi ndiyo inayopandisha joto la jenereta. Ikizima, mshereheshaji anasema neno, kwaya inapanda, na fundi ana dakika ishirini za kutafuta kosa lake bila kutukanwa. Kodi pia stabilizateri. Umeme ukishuka na kupanda unaua amplifaya haraka kuliko mvua, na mwenye mali atakudai wewe.

Vijana wa gitaa wananiandikia sana, niwajibu hapa. Mnaulizia vipedali vya sauti. Hugh Tracey, yule mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke mwaka 1952 kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, palikuwa na gitaa moja kavu. Kidole gumba kinatembea na besi, cha shahada kinaimba. Kwa gitaa hilo wapigaji wa Nairobi walimwiga, na mwaka 1969 alialikwa kupiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mtu huyu alizaliwa Bunkeya, akaishi katika mji wetu huu, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniambia bila haya kwamba mtindo wa Mwenda yeye alifundishwa na Mzungu kwenye video. Sina ugomvi na video. Lakini ndugu yangu, teremka Kamalondo, uliza wazee waliosalia wanaopiga hivyo, keti uwatazame mikono. Video haikuambii kwamba unashika vibaya. Mzee atakupiga kofi la mkono.

Pesa nitaisema kwa ufupi. Andikeni makubaliano kwenye karatasi, hata kama ni mjomba wako, na msanii alipwe kabla hajaondoka. Kiingilio kisizidi nauli ya kwenda na kurudi, maana mtu wa mtaani atajumlisha vyote viwili kichwani kabla hajavaa viatu. Wenye kuja na karindula waache waingie bure, utawapata kwenye soda. Ruhusa ya chuo iombwe mwezi mzima kabla, na nakala ibaki mfukoni mwako, kwa sababu atakayekuja kuiuliza saa nane mchana si yule aliyeitia sahihi.

Na mlinzi. Kila konseti nampelekea yeye tangazo la kwanza kabla halijabandikwa popote. Yule wa mwaka wa kwanza alishastaafu, lakini konseti ya karindula aliikuta. Aliacha geti kwa mwenzake, akaja na mke wake, wakakaa mstari wa mbele kwenye viti ambavyo mimi nilikuwa nimewawekea wakubwa wa fakultati. Sikuwaondoa. Wakubwa walisimama.

Viti hivyo vilikuwa vya parokia, 120, tuliviazima kwa barua. Usiku tulihesabu 118. Paroko alishahamishwa, amekuja mwingine, na huyo mwingine naye, tukikutana, baada ya salamu ananiuliza vile viwili.