Bei ya bidhaa yako usipangiwe na mwenye soko

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bremen, Ujerumani, kaniandikia: "Kitufe cha kununua kimeondolewa kwenye vikapu ninavyouza katika soko la mtandaoni, eti bei yangu haivutii. Nifanyeje?" Kifua kilinibana. Ni yaleyale yaliyonikuta Hamburg mwaka 2022.

Kwenye soko langu la mtandaoni (si Amazon, na jina nalihifadhi) kikoi nilikiuza euro 32. Wakishakata kamisheni ya asilimia 15, nabaki na euro 27.20. Kwenye tovuti yangu nikakiweka euro 29: mteja anapata nafuu, nami nabaki na zaidi. Siku nne tu, kitufe cha kununua kule sokoni kikatoweka. Watu wanaona picha, kununua hawawezi. Kwa woga nikapandisha bei ya tovuti yangu mwenyewe hadi 32. Miezi saba nikawatoza Waswahili wenzangu, watu ninaosali nao, euro 3 zisizo na sababu. Hilo linaniuma kuliko mauzo niliyopoteza.

Ndugu zangu, someni sheria! Amazon iliacha kuwadai wauzaji wake wa Ulaya sharti la bei sawa, yaani kutouza nafuu kwingine, mwaka 2013, baada ya mamlaka ya ushindani ya Ujerumani, Bundeskartellamt, kuichunguza. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, kifungu cha 5(3), inayakataza majukwaa makubwa kabisa kumzuia muuzaji kuuza kwa bei tofauti kwingine. Yamebanwa nayo tangu Machi 2024. Soko langu halimo kwenye kundi hilo. Lakini kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2019/1150, inayotumika tangu Julai 2020, inayagusa hata madogo: soko likikuzuia kuuza nafuu kwingine, liseme hivyo kwenye masharti yake na litoe sababu, likiibana bidhaa yako, likueleze kwa maandishi.

Nililiandikia soko langu mistari sita, nikataja namba ya kanuni, nikauliza nimevunja kipengele gani cha mkataba. Hawakukionyesha. Siku ya kumi na moja kitufe kikarudi, na jioni ileile nikarudisha bei yangu ya euro 29.

Dada, usipandishe bei. Piga picha ya skrini leo, soma masharti yote, kisha andika. Usipige simu, simu haiachi ushahidi. Andika! Na barua ikiwa tayari, nitumie niipitie kabla hujaipeleka.