"Kubadilisha" biti zisizobadilika

Mwanafunzi wa uhandisi kutoka Nyegezi, Mwanza, anaandika kwa Kiswahili maelezo ya mradi wake wa saketi katika VHDL, lugha ya kuelezea saketi za kidijitali, naye anauliza: je, ni sahihi kusema "kubadilisha aina" pale mfuatano wa biti (tarakimu za 0 na 1) unapopewa aina nyingine, na "kubadilisha hoja" pale thamani inapowekwa kwenye nafasi ya kigezo?

La, ndugu yangu, si sahihi, na matumizi haya yamenichosha. Badala, badili na badilisha yana mzizi mmoja wa Kiarabu, na hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kwamba "kubadilisha" kumekuwa kitenzi cha kila mwandishi wa mambo ya kompyuta asiyetaka kujiuliza ni nini hasa kimetokea.

Chukua biti nne, 1011, tuziite x. Ukiandika unsigned(x), yaani namba isiyo na hasi, zinasomwa kuwa 11, yaani 8 na 2 na 1. Ukiandika signed(x), yaani namba inayoweza kuwa hasi, biti ya kushoto kabisa inahesabiwa kuwa hasi 8, na ukijumlisha 2 na 1 unapata hasi 5. Sasa niambie kilichobadilishwa ni kipi. Hakuna waya uliohamishwa, hakuna sifuri iliyokuwa moja, wala agizo hilo peke yake haliongezi geti hata moja kwenye saketi. Mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiacha kuuza kwa sado akauza kwa kilo, hasemi kwamba amebadilisha dagaa. Anayesoma katika ripoti yako kwamba "x imebadilishwa" atahangaika kutafuta mabadiliko ambayo hayapo, na kosa litakuwa lako. Andika "kuisoma x kama signed", au "kuichukulia x kuwa ya aina ya signed". Kwa to_integer, ambapo mfuatano wa biti unatoka ukiwa namba kamili, sema "kugeuza", kwa sababu kilichoingia na kilichotoka si kitu kimoja.

"Kubadilisha hoja" ni kubaya zaidi. Anayebadilisha hoja ni mtu aliyebanwa katika mjadala. Kwenye funksheni, thamani huwekwa mahali pa kigezo, na kwenye makro (vifupisho vya msimbo) za Verilog, lugha nyingine ya saketi, maandishi yenyewe hupachikwa. Makro MRABA(n) iliyoandikwa n*n, ukiipa a+1, inakuwa a+1*a+1. A ikiwa 3, jibu ni 7, wala si 16 uliyoitarajia. Aliyeambiwa "hoja imebadilishwa" hataliona kosa hilo hadi jioni, lakini aliyeambiwa "maandishi yamepachikwa yalivyo" ataweka mabano mara moja.

Wenzako wakiandika "kukasti", kutoka "cast" ya Kiingereza, nitavumilia, maana neno hilo geni angalau halizisingizii biti. "Kubadilisha" likate kila ulipoliandika, kisha ueleze kilichotokea.