Jalada Moja Ukutani Linatosha

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja: “Dada, nina santuri zaidi ya mia mbili. Mume wangu anataka sebule tulivu, yenye nafasi na vitu vichache. Ananiambia nichague, santuri au sebule. Wewe ulifanyaje?” Niliusoma mara tatu, na mara ya tatu machozi yakanilenga. Swali hilo na mimi niliwahi kuulizwa, tena mbele za watu.

Miaka sita iliyopita nilikuwa na santuri mia tatu na nilitaka kila anayeingia azione. Jumamosi mbili nzima nilishinda na pimamaji na penseli, nikapanga majalada ishirini na manne ukutani, safu nne za sita sita, kila moja na santuri yake ndani. Yalinyooka kama yamepigwa rula. Nikaalika watu. Dada yangu mkubwa alifika, akasimama mlangoni, na kabla hata hajaketi akauliza, “Hapa nyumbani au dukani?” Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Usiku, walipoondoka wote, nilikaa sakafuni nikiutazama ule ukuta hadi taa ikanichosha macho. Sijalisahau neno lile, na sitasema kwamba haliumi tena.

Lililoniuma zaidi ni kwamba alikuwa na hoja. Jalada la santuri limetengenezwa ili limwite mtu kwa mbali. Zamani albamu ziliuzwa katika majalada makavu kama ya vitabu vya hesabu za biashara, mpaka Alex Steinweiss, mchoraji wa kampuni ya Columbia ya Marekani, alipoanza kuyachorea picha na rangi, miaka ya 1930 ikielekea ukingoni. Tangu hapo kila jalada hupigania jicho la mnunuzi. Sasa chukua ishirini na manne ya namna hiyo, yaweke ukutani yaite yote kwa pamoja, halafu ukae kwenye kochi utafute utulivu. Utautoa wapi?

Nilipoanza kuyashusha ndipo nikakutana na pigo la pili. Safu ya juu ilikuwa ikipigwa na jua la alasiri kutoka dirishani. Rangi nyekundu zilikuwa zimechujuka. Na santuri aliyonipa baba siku nilipohamia kwangu ilikuwa imepinda. Santuri ni plastiki, ikipata joto inalegea, na ikishapinda ndiyo imepinda. Nikiiweka kwenye mashine, sindano inapanda na kushuka kama dau kwenye mawimbi. Bado ninayo. Hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Kwa hasira nikaruka upande wa pili kabisa: nikazitia zote maboksini, nikazilaza moja juu ya nyingine stoo. Sebule ikawa nyeupe, safi, na kimya kama chumba cha kusubiria daktari. Miezi minane sikupiga muziki. Nilipozitoa, za chini zilikuwa na alama ya duara kwenye majalada, maana uzito wa zilizo juu ulikuwa umeikandamiza santuri dhidi ya karatasi. Kwa hiyo anayekushauri uzifiche, dada, mkatalie. Na anayekwambia uzilaze, mkatalie mara mbili.

Nilichofanya baadaye ndicho ninachokushauri. Nilimwendea seremala nikamwomba kabati refu la chini, linalofika gotini, rangi ileile ya ukuta, bila milango. Santuri kubwa ina upana wa sentimita 30, jalada lake linazidi kidogo 31, basi vyumba vya kabati viwe na sentimita 34 au 35 kwenda juu, na kina kisichopungua 32. Weka kizuizi cha wima kila baada ya sentimita 40 hivi, kwa sababu vitu hivi ni vizito kuliko unavyodhani: nne tu na majalada yake zinakaribia kilo moja. Zako mia mbili ni kama kilo hamsini. Mbao ndefu isiyo na nguzo katikati itabonyea. Ya kwanza kwangu ilibonyea.

Humo zisimame wima kabisa. Zikiegama zitapinda taratibu, zikibanwa sana majalada yatachakaa kila unapovuta moja. Kinachoonekana sasa ni migongo tu, na migongo ni myembamba, hivyo ukiwa umekaa mbali rangi zote zinachanganyika kama kitambaa cha mistari. Hapo jicho linapumzika. Sihitaji milango, na nakusihi usiiweke. Ukizifungia mlango utazisahau, mimi nazijua tabia za sisi wakusanyaji.

Juu ya kabati pana mashine ya santuri peke yake. Hakuna chombo cha maua, hakuna picha, wala spika. Spika zikikaa kabati moja na mashine, mtikisiko wake hupanda hadi kwenye sindano na muziki unavuma vibaya. Mwaka 1956 Hans Gugelot na Dieter Rams waliiundia kampuni ya Braun ya Ujerumani mashine nyeupe yenye kifuniko kinachoonyesha ndani, SK 4, isiyo na pambo hata moja. Picha yake ilinifundisha kwamba kifaa chenyewe kikiwa kizuri, kiache kipumue.

Na ukutani? Ukingo mmoja wa mbao, mwembamba, mahali ambapo jua halifiki. Hapo linakaa jalada moja: la santuri inayopigwa sasa hivi. Ikiisha, linashuka. Ukuta wote uliobaki ni mtupu, na ule utupu ndio unaolipa jalada heshima. Nimeona mgeni akisimama mbele ya hilo moja dakika tano nzima. Mbele ya yale ishirini na manne hakuna aliyesimama hata moja.

Jambo la mwisho nitalisema kwa ukali kidogo, unisamehe. Punguza. Mimi nimebaki na mia na themanini. Santuri ambayo hujaigusa miaka mitatu, unaiweka ya nini? Unaiweka ili uhesabu. Mpe mtu atakayeisikiliza. Tumekusanya muziki jamani, hatukukusanya karatasi, na mumeo akikuona unasikiliza kweli hatakwambia tena uchague.

Wiki mbili zilizopita dada yangu alikuja. Hakusema neno juu ya sebule, wala hakuniomba radhi kwa lile la miaka sita iliyopita, na nilikuwa nikisubiri, nakiri. Alisimama mbele ya ukingo akauliza hiyo ni ya nani, akaketi. Upande wa kwanza ulipoisha nilikuwa jikoni. Nikasikia ukimya, kisha mkwaruzo mdogo wa sindano ikishuka. Alikuwa amenyanyuka mwenyewe akaigeuza.