Mbwa akikohoa ghafla, usikimbilie kumtia mkono kooni

Mkuu, umesema mbwa wako alitoka kwenye banda la kulaza mbwa siku 6 zilizopita, na jana usiku akaanza kikohozi kikavu cha kukwaruza kinachoishia na povu jeupe. Wadau wanakuambia amekwamwa na mfupa, umtie mkono. Tafadhali usifanye hivyo. Atakung'ata, na kama kweli kuna kitu utakizamisha zaidi.

Aliyekwamwa na mfupa hatulii. Anajikwaruza mdomo kwa makucha, udenda unamtoka, hata maji yanamshinda. Wako anakula na anatikisa mkia kila kikohozi kikipoa, na alichangamana na mbwa wengine. Hapo nafikiria kwanza kikohozi cha banda: maambukizi ya njia ya hewa, mara nyingi bakteria wa Bordetella, virusi vya parainfluenza, au vyote pamoja. Dalili hujitokeza siku 2 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Lile povu kwa kawaida si matapishi, ni ute wa kooni uliochanganyika na hewa.

Sasa hesabu pumzi. Subiri alale usingizi mzito, utazame ubavu: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2. Haitakiwi kuzidi 30 kwa dakika. Ukirudia na bado inazidi, huenda shida haipo kooni tu, bali mapafu au moyo; kwa mbwa mdogo wa umbo aliyezeeka, moyo ndio wa kushukiwa mapema. Usihesabu akiwa anahema kwa joto, namba itakudanganya.

Kisha inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Fizi zikiwa za bluu au zimepauka, mpeleke usiku huohuo. Kama kuna sumu ya panya nyumbani, mwambie daktari hata kama hukumwona akiila: aina zinazozuia damu kuganda huweza kuvujisha damu mapafuni siku kadhaa baadaye.

Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo usimsubirishe. Kikohozi pamoja na usaha wa macho na pua, kuhara au misuli kurukaruka kinaweza kuwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, nao unaua.

Kama vipimo hivyo ni vizuri, vua mkanda wa shingoni, maana kila ukivutwa unachokoza koo. Mfunge wa kifuani. Mpe chakula laini, mweke mbali na moshi wa mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma, asikimbie, na umtenge na mbwa wengine angalau wiki 2. Wengi hupona ndani ya wiki 1 hadi 3, hata bila antibiotiki, kwa hiyo usinunue dukani kwa kubahatisha. Dawa za binadamu hapana kabisa: ibuprofen huharibu tumbo na figo, na baadhi ya sharubati za kikohozi zina xylitol, kitia-utamu kinachoshusha sukari ya mbwa ghafla.

Akikataa chakula, au joto la njia ya haja kubwa likipita nyuzi 39.5, mpeleke. Mrekodi video akikohoa, kwa sababu mbwa wengi hunyamaza kimya wakifika mbele ya daktari.