Chagua mbuga moja, ukae: ushauri kwa Mzanzibari anayekwenda kuangalia wanyama bara

Likizo za skuli zikikaribia, simu yangu hainyamazi. Jamaa, majirani, mashoga zangu wa tangu utotoni, wote wanataka kuwapeleka watoto bara wakaone simba. Na karibu wote wanakuja na mpango wa aina moja: Serengeti, Ngorongoro, Tarangire, na Manyara ikiwezekana, kwa siku nne. Huwa nawajibu vilevile. Siku nne ni za mbuga moja.

Kwanza kuna masafa. Sisi tumezoea kisiwa: unatoka Mjini asubuhi, Nungwi unafika jua halijawa kali, na Makunduchi unakwenda na kurudi ukawahi chakula cha mchana. Serengeti peke yake ina kilomita za mraba 14,763, Unguja nzima inaingia humo mara nane na ushei. Kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya hifadhi, ni zaidi ya kilomita 300, na sehemu kubwa ya njia ya ndani ni vumbi na mawe. Hiyo ni siku nzima ya kutikisika. Ukiziunganisha mbuga nne kwa mpango huo, umelipia barabara.

Halafu kuna niliyoyasikia kwa masikio yangu. Nimefanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli za pwani ya mashariki, na wengi wao hutufikia wakitoka mbugani. Unampa mtu dafu, unamuuliza safari ilikuwaje. Aliyekaa mahali pamoja anakusimulia mnyama: alivyomkuta, alivyofanya, watoto wake walivyokuwa. Aliyezunguka mbuga nyingi anakusimulia mgongo wake. Mmoja alinionyesha picha za simba zaidi ya mia, na hakuweza kuniambia hata mmoja wao alikuwa anafanya nini.

Nilipompeleka mama yangu Serengeti nilishikilia jambo hilo, tukabaki Seronera tu. Asubuhi moja dereva alisimamisha gari chini ya mti, akatuonyesha mkia unaoning'inia. Chui. Magari mengine yakaja, watu wakainua simu zao, wakapiga picha ya mkia na paja, wakaondoka kwa sababu redio ya madereva ilisema kuna simba mahali fulani. Sisi tukabaki. Mama alikuwa na tasbihi yake mkononi, hakuwa na haraka na mtu. Ukapita muda mrefu hakuna kinachotokea, ila sikio likipiga nzi. Kisha chui akainuka juu ya tawi, akapiga mwayo nikaona meno na ulimi wote, akateremka kichwa kikitangulia, makucha yakikwaruza gome kwa sauti tuliyoisikia garini. Alipogusa nyasi akapotea. Nyasi zenyewe hazifiki magotini, na tulikuwa tunamtazama palepale, lakini yale madoa yalimmeza. Mama, ambaye amekulia Kusini akisimuliwa na babu kwamba chui wa Unguja walikuwa na wenyewe, wanaowafuga na kuwatuma usiku, alisema, "Subhanallah. Sasa nimefahamu kwa nini waliwaogopa." Akaanza kutusimulia mambo ya babu ambayo mimi, mtoto wake wa kumzaa, sikuwahi kuyasikia. Waliokimbilia simba hawakuyapata hayo.

Kwa hiyo ukishachagua mbuga, nguvu zako zote ziweke kwenye dereva. Watu hutumia wiki nzima kulinganisha hoteli, kitanda kipi kina chandarua cha mapambo, bwawa lipi linatazama mbuga, halafu dereva wanakutana naye mara ya kwanza asubuhi ya safari. Hoteli unalala tu. Dereva ndiye macho yako kutwa nzima. Kabla hujalipa, uliza ni nani hasa atakayewaendesha, na ameizoea mbuga ile ile mnayokwenda kwa muda gani. Uliza kama kila mtu atapata kiti cha dirishani na kama paa linafunguka. Uliza bei imechukua mafuta ya mizunguko ya asubuhi na jioni yote, maana kuna wakala aliyewauzia jamaa zangu safari, wakafika wakaambiwa mzunguko wa jioni ni wa malipo ya ziada. Lipateni jibu kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Na jioni ya kwanza mwambieni wazi: "Bwana, sisi hatuna haraka. Usitukimbizie redio." Madereva wengi wanakimbia kwa sababu wanadhani wageni wanataka orodha ikamilike. Ukimwondolea mzigo huo utaona anabadilika. Atazima gari, atakuonyesha nyayo, atakwambia kwa nini swala wote wanatazama upande mmoja. Mwambieni pia hamtaki atoke nje ya njia wala kumsogelea mnyama kupita kiasi. Duma anawinda mchana, tena kwa macho. Magari yakimzunguka anakosa windo lake, na watoto wake wanalala na njaa. Bakshishi iwe ya dereva aliyewatunza wanyama na nyinyi, wala isiwe zawadi ya kuvunja kanuni.

Sasa, mbuga ipi? Kwa familia ya Kizanzibari yenye bajeti ya kawaida, mimi naanza na Mikumi, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wanaodhani bila Serengeti hujaona kitu. Boti ya asubuhi kutoka Malindi inafika Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Stesheni ya treni ya umeme haiko mbali na bandari, na tangu mwaka 2024 treni hiyo inafika Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Kutoka hapo mnakodi gari. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa kama kilomita 50, hivyo watoto wanaanza kuona twiga na pundamilia hata geti hamjafika. Ndani, uwanda wa Mkata una tembo, nyati, simba, na bwawa la viboko ambako mnaruhusiwa kushuka garini. TANAPA wenyewe, shirika la hifadhi za taifa, wana nyumba za kulala humo, za bei ya kubebeka.

Kiingilio kisiwatishe. Raia wa Tanzania analipa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa kwa dola mgeni wa kutoka ng'ambo. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, na watoto vyeti vyao vya kuzaliwa, vinginevyo mtasimama getini mkijieleza. Malipo hayapokelewi kwa noti mkononi, yanapitia namba ya malipo kwa simu au kadi, basi simu ziwe na salio. Gharama kubwa ni gari, na gari linakodiwa lote, halihesabiwi kichwa. Unganeni familia mbili zinazopatana. Nasisitiza zinazopatana, maana mtakaa pamoja kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni.

Mwenye uwezo zaidi aangalie Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019 na kuwa hifadhi ya taifa ya kilomita za mraba 30,893. Kuna ndege ndogo zinazoruka kutoka Unguja moja kwa moja hadi viwanja vya ndani ya mbuga. Begi liwe laini, lisilo na magurudumu, na mara nyingi lisizidi kilo 15. Kule mnapanda mashua kwenye Mto Rufiji, na sisi watu wa bahari tunaipenda safari hiyo kuliko wengine wote: viboko wanaibuka wakipuliza, mamba wamelala mchangani midomo wazi, na kingo za mto zimejaa matundu ya ndege wadogo wa rangi wanaoingia na kutoka.

Anayetaka Serengeti kwa ajili ya nyumbu, aangalie kalenda kabla ya kuangalia bei. Nyumbu hawakai mahali pamoja. Januari hadi Machi wako kusini, upande wa Ndutu, wakizaa. Kuvuka Mto Mara, ile picha ambayo kila mtu anaiota, ni kaskazini kabisa, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Nimewapokea wageni waliokwenda kaskazini mwezi wa Februari kwa sababu hakuna aliyewaambia, wakakuta mto na mawe. Kwa Mikumi na Nyerere, kiangazi cha Juni hadi Oktoba ndicho kizuri: nyasi fupi, wanyama wanakusanyika kwenye maji. Masika iacheni, matope ya udongo mweusi yanashika magurudumu, na kambi nyingi za Nyerere zinafungwa.

Mavazi sasa, na hapa nawasemesha zaidi mama na dada zangu. Mbung'o wanavutwa na rangi nyeusi na buluu. Vile vitambaa vya buluu na vyeusi mtakavyoviona vimetundikwa porini ni mitego yao. Kwa hiyo buibui jeusi libaki kabatini. Vaeni abaya au dera la mikono mirefu la rangi ya udongo, au kijani kilichopauka, la kitambaa kizito kidogo, kwa sababu mbung'o anauma juu ya nguo nyepesi na dawa za kujipaka hazimsumbui sana. Gari likipita kwenye vichaka vinene, fungeni madirisha. Stara mtakuwa nayo kamili, na kutwa mtakaa kwa raha.

Kwa Ngorongoro ongezeni sweta nzito, soksi na kofia ya sufi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na baridi ya asubuhi za Juni na Julai kule haina udugu na kipupwe chetu. Nimeona watoto wa Kiunguja wakilia kwa baridi hali bonde lote limejaa wanyama chini yao, wala hawataki kutazama.

Swala haina shida mkiipanga. Alfajiri mnaswali kambini kabla ya kutoka. Adhuhuri na Alasiri msafiri ana ruhusa ya kuzikusanya na kuzipunguza, na viwanja vya kulia chakula ndipo pa kushukia, kwa hiyo mwambieni dereva tangu asubuhi awafikishe hapo kwa wakati. Kibla ni kaskazini, kama tulivyozoea nyumbani. Bebeni dumu dogo la maji ya udhu, na mkeka mwepesi. Popote pasiporuhusiwa msishuke garini, hata kwa dakika moja, hata kama mtoto anabana mkojo. Dereva atatafuta mahali palipo wazi na salama.

Chakula, ulizeni mapema nyama inachinjwa na nani, na boksi la mchana limewekwa nini, kwa sababu soseji huingizwa bila mtu kufikiri. Mkiona mashaka, ombeni mayai, viazi na matunda. Visheti na tende vya nyumbani vinaokoa sana njiani. Chini kwenye kreta ya Ngorongoro kulieni ndani ya gari: mwewe wa pale wanashuka na kunyakua kipande mkononi mwa mtu, na kucha zao zinakata.

Kwa watoto kuna jambo moja ambalo nimelijaribu na likafaa. Kabla ya kuvuka, wapelekeni msitu wa Jozani, hapahapa Unguja. Kima punju, ambao duniani kote wapo Unguja tu kwa asili, wamezoea watu, nanyi mnatakiwa mbaki umbali wa mita tatu. Wafundisheni pale kunyamaza, kutonyoosha mkono, kumtazama mnyama mmoja mpaka waweze kueleza anachofanya. Wakimwona kima amekaa na kipande cha makaa anatafuna, waulizeni wanadhani kwa nini. Inasemekana makaa yanampunguzia sumu ya majani anayokula, ya miembe na mikungu. Mtoto aliyepitia hayo hachoki garini haraka, na hampigii simba kelele.

Nimalizie na malaria, maana hili linasahaulika na lina hatari kuliko simba. Kwa miaka mingi Zanzibar imeishusha malaria hadi chini ya asilimia 1 ya watu. Ni neema kubwa, lakini ina maana kwamba miili yetu, na ya watoto wetu hasa, haijazoea tena ugonjwa huo, na bara bado upo kwa wingi, Morogoro na bonde la Rufiji vikiwemo. Kabla ya safari muoneni daktari awashauri kuhusu dawa za kinga, hasa mkiwa na mjamzito, mzee au mtoto mchanga. Jioni vaeni mikono mirefu, jipakeni dawa ya mbu, na mhakikishe chandarua hakina tundu kabla ya kulala. Mkisharudi, mtu akipata homa ndani ya mwezi mmoja au hata baadaye kidogo, asimeze panadol akangoja ipite. Aende kituo cha afya siku hiyohiyo, apimwe damu, na amwambie daktari kwamba alikuwa bara, mahali gani, na tarehe ngapi alirudi.