Kuuza shamba ili kulipia chuo: jibu kwa mzee wa Njombe

Shikamoo mzee. Umeuliza kama uuze ekari mbili za parachichi zilizoanza kuzaa, ili binti wa marehemu kaka yako akasome shahada ya biashara ya miaka mitatu katika chuo binafsi Dar es Salaam, kwa ada ya shilingi 1,800,000 kwa mwaka, baada ya jina lake kukosekana katika awamu ya kwanza ya waliopangiwa mikopo. Jibu langu ni kwamba usiuze, na nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu mambo haya niliyaishi nikiwa mwanafunzi mwenye mkopo nusunusu na sasa nayaishi tena nikiwasomesha wadogo zangu.

Hiyo 1,800,000 ni ada peke yake. Omba chuoni muundo kamili wa ada, ule unaoambatanishwa na maelekezo ya kujiunga, na uusome hadi mstari wa mwisho. Utakuta bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, na shilingi 20,000 ya udhibiti ubora inayokwenda Tume ya Vyuo Vikuu, kisha usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi na fedha ya tahadhari, yaani amana ya kufidia mali ya chuo ikiharibika. Kila kimoja kinaonekana kidogo, lakini vyote hudaiwa katika juma lile lile la usajili, wakati mzazi ametoka kulipa nauli, godoro na kodi ya chumba ya miezi kadhaa kwa mkupuo.

Lakini mzigo mkubwa zaidi ni kula na kulala. Bodi ya Mikopo yenyewe hukadiria chakula na malazi kuwa shilingi 10,000 kwa siku, na mtu yeyote aliyepanga chumba karibu na chuo Dar es Salaam anajua kwamba makadirio hayo hayana anasa hata kidogo. Ukichukua mihula miwili ya majuma 17, siku hizo ni 238, yaani shilingi 2,380,000 kwa mwaka, kiasi ambacho kinaizidi ada unayoiwazia usiku na mchana. Jumlisha na ada kwa miaka mitatu, utafika zaidi ya milioni 12 kabla ya mafunzo kwa vitendo, nauli za likizo na kuchapisha ripoti ya utafiti. Swali la kujiuliza, mzee, ni iwapo bei ya ekari hizo mbili itafika huko, kwa sababu fedha ya shamba lililouzwa haiongezeki, ilhali mahitaji ya mwanafunzi huongezeka kila muhula.

Nilikaa chumba kimoja na kijana kutoka Mbinga ambaye baba yake aliuza shamba la kahawa alipoanza mwaka wa kwanza. Mwaka ule alilipiwa kila kitu kwa wakati, hata sisi wenye mikopo tulikuwa tukikopa kwake tukisubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo. Katikati ya mwaka wa pili fedha ilikwisha. Nakumbuka asubuhi ya mtihani, msimamizi amesimama mlangoni na orodha ya waliokamilisha malipo, na mwenzangu amemwonyesha risiti ya benki ya sehemu ya ada iliyolipwa siku iliyotangulia. Malipo yale yalikuwa hayajasoma kwenye mfumo, na hata yangesoma yasingefika kiwango kilichotakiwa, kwa hiyo hakuruhusiwa kuingia. Alirudi nyumbani bila shahada, na kule nyumbani hakukuwa tena na kahawa ya kuvuna. Laiti shamba lingebakia, mavuno ya msimu mmoja yangeweza kumrudisha darasani. Ndiyo sababu siwezi kukaa kimya nikisoma kwamba mnunuzi ameshakuja kupima mipaka.

Sasa tuje kwenye mkopo, kwa kuwa hapa ndipo naona tumaini kubwa kuliko unavyolieleza. Umesema baba yake ni marehemu. Mwombaji aliyefiwa na mzazi ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele, ila Bodi haiwezi kulijua hilo kwa maneno. Inahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa kilichohakikiwa vivyo hivyo. Nimewaona yatima wakikosa mkopo au kupata asilimia ndogo kwa sababu cheti kilipakiwa bila uhakiki, au kwa sababu jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na lile la cheti cha kidato cha nne. Kaa na binti yako mfungue pamoja akaunti yake ya maombi ya mkopo mtandaoni, mkague ukurasa kwa ukurasa mlichojaza, hasa sehemu ya wazazi, na kama kaya yenu ni ya wanufaika wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, hakikisheni nalo limeonekana. Majina hutolewa kwa awamu kadhaa, na baada ya hapo hufunguliwa dirisha la rufaa, kwa hiyo kukosekana katika awamu ya kwanza hakujafunga mlango. Hata akikosa kabisa mwaka huu, anaweza kuomba tena akiwa mwanafunzi anayeendelea, mradi amefaulu.

Akipata mkopo, asaini mkataba akijua anachosaini. Mimi kulipa mkopo wangu ninakatwa 15% ya mshahara wa msingi kila mwezi, kiwango ambacho kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016 kilikuwa 8%, na kwa miaka kadhaa deni langu lilikuwa likivimba kwa tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo hadi ilipofutwa mwaka 2021. Makato hayo yanauma. Hata hivyo hukatwa kwenye mshahara uliopo, wakati shamba likishauzwa hakuna makato yatakayolirudisha. Mimi naona ni makosa ya nchi nzima, tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwamba familia ya mkulima inafikishwa mahali pa kuchagua kati ya elimu ya mtoto mmoja na riziki ya wote waliobaki, na nitalisema hilo popote nitakaposikika.

Kuhusu chuo chenyewe, ingekuwa binti yangu ningeanza kwa kuuliza kwa nini iwe Dar es Salaam. Chuo Kikuu Mzumbe kina ndaki Mbeya inayofundisha masomo ya biashara, na ada za fani hizo katika vyuo vya umma mara nyingi huwa kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Kutoka Njombe anaweza kwenda na gunia la mahindi na maharage, jambo linalopunguza ile 10,000 ya kila siku kwa kiasi kinachoonekana. Kama udahili wa mwaka huu hauwezi kubadilishwa, mwandikieni mkuu wa chuo barua ya kuomba kulipa kwa awamu, kisha pangeni awamu hizo zifuate mauzo ya parachichi.

Na ikiwa hadi usajili unafungwa mkopo haujatoka na fedha haijatimia, aombe kuahirisha masomo kwa maandishi, apewe barua yenye muhuri inayotaja mwaka atakaorejea, na abaki na nakala yake. Asijisajili kwa deni akitegemea kwamba litajulikana mbele ya safari. Tafadhali rudi hapa utuambie mlichokikuta kwenye fomu yake, hasa upande wa cheti cha kifo, na kabla ya hapo mwambie mnunuzi asubiri.