Pawabanki ya 20,000 mAh kwenye ndege

Inaruhusiwa, lakini ndani ya begi la mkononi tu. Kwenye sanduku linalopakiwa chini ni marufuku hata ikiwa ndogo: betri ya lithiamu ikishika moto kwenye buti ya ndege hakuna wa kuiwahi, ila juu wahudumu wataiona.

Kinachoangaliwa ni wati-saa (Wh), yaani kiasi cha nishati kwenye betri. Gawa mAh kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: yako ni 74 Wh. Mwisho bila kibali ni 100. Kati ya 100 na 160 uombe kibali cha shirika, zaidi ya hapo haipandi.

Wengi hukwama kwa maandishi yaliyofutika. Mkaguzi asiposoma uwezo wake, anaichukua, na kubishana naye ni kupoteza muda. Pia, begi lako likichukuliwa mlangoni kwa kuwa ndege imejaa, toa pawabanki kwanza.

Angalia na sheria za shirika lako. Emirates, tangu Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu ya chini ya 100 Wh, na huruhusiwi kuitumia wala kuichaji angani. Kwa safari za ndani ya China inatakiwa iwe na nembo ya 3C, alama ya usalama ya China.